Mwaka wa Tano

Ujumbe ulifika saa nne asubuhi, nilipokuwa nimekiinamia kitabu cha ubatizo cha mwaka 1768, nikijaribu kuamua kama jina lililofifia lilikuwa la mtoto au la mdhamini wake. Hiyo ndiyo kazi yangu katika hifadhi ya nyaraka pale Hamar: kusoma walichoandika watu waliokwisha kufa, na kusema nani aliandika, lini, na kama aaminiwe. Simu ilitetemeka mara moja juu ya meza. Nilikuwa na barua mpya kutoka ofisi ya kodi.

Kwetu barua ya kodi haimshtui mtu. Huja kila Machi ikiwa imekwisha kujazwa, nasi huipitia kama tunavyoupitia utabiri wa hali ya hewa, tukabonyeza, tukarudi kwenye kahawa yetu. Lakini hii ilikuja Oktoba. Nikavua glavu nyeupe za kazini na kuifungua.

“Umeeleza kwamba faida uliyopata kwa kuuza nyumba ya mapumziko haitozwi kodi. Ili msamaha huo utumike, mmiliki awe ameitumia nyumba yeye mwenyewe kwa miaka isiyopungua mitano kati ya minane iliyotangulia mauzo. Tafadhali eleza matumizi yako, mwaka kwa mwaka, na uambatanishe uthibitisho, kwa mfano nakala za kitabu cha kibanda. Muda wa kujibu ni wiki tatu.”

Niliisoma mara mbili.

Kwenye fomu kulikuwa na swali moja na visanduku viwili. Mwezi Aprili nilikuwa nimetia alama kwenye “ndiyo” bila kuhesabu. Sikudanganya, au niseme kwa usahihi zaidi, sikujiuliza. Kile kilikuwa kibanda chetu. Baba alikijenga mwaka 1963 kwa mbao za msitu wa babu, na sisi tuliendelea kukiita kibanda hata kilipopata vyumba vinne na umeme. Mama aliniandikisha kuwa mmiliki mwaka mmoja baada ya kumzika baba. Nilikwenda huko kabla sijajua kutembea. Nani huhesabu?

Sasa nilihesabu, kwa kalamu ya risasi, pembeni mwa daftari langu la kazi. Nilikuwa nimeuza Aprili mwaka jana. Miaka miwili ya mwanzo, 2016 na 2017, nilikuwapo. 2021 na 2022, nilikuwapo. 2023 mama alianguka mwezi Februari, akapelekwa kwenye nyumba ya wazee, na kibanda kikakaa kitupu. Ilibaki miaka mitatu ya katikati, na katika miaka hiyo mitatu mimi na mama hatukuwa tukizungumza.

Minne. Nilihesabu tena, nikapata minne.

Kwa kuwa baba alijenga kwa mbao za bure na mikono yake, karibu bei yote ilihesabika kuwa faida. Kodi yake ingezidi kroni laki sita, na juu yake kungeweza kuja adhabu ya kutoa maelezo yasiyo sahihi. Sikuwa nazo. Fedha za kibanda nilizilipa kwa Jostein, aliyekuwa mume wangu, ili kununua nusu yake ya nyumba ninayoishi. Benki ilikwisha kuniambia, kwa upole mwingi, kwamba mtu wa miaka sitini na mmoja hakopeshwi mara mbili. Kama ningelipa, nyumba ingeuzwa. Nilitazama ukuta wa ofisi na kuona badala yake dirisha la jikoni kwangu, na ule mti wa cheri nilioupanda juma alilozaliwa binti yangu.

Nilimpigia mdogo wangu Tormod, fundi umeme wa Gjøvik.

“Tormod, kitabu cha kibanda unacho?”

“Salamu kwanza, dada. Watu wa nyaraka mmekuwaje?”

“Unacho au huna?”

“Kipo bandani, chini ya kopo la rangi. Kwani umemkumbuka baba ghafla?”

Nikamsomea barua. Nyuma yake mtu alikuwa akitoboa ukuta. Kelele zikakoma, nadhani alimpungia mkono anyamaze.

“Mama hahesabiwi? Yule aliishi kule kuliko sungura.”

“Mama hakuwa mmiliki. Mmiliki nilikuwa mimi.”

“Ndiyo hasara ya kuwa kipenzi cha mama. Mimi nilipewa mashua yenye tundu, na hakuna mtu aliyeniandikia barua.” Kisha sauti yake ikabadilika. “Unaogopa, Eldrid?”

“Ndiyo.”

“Njoo Jumamosi. Nitakipangusa.”

Kitabu chenyewe kilikuwa cha nne tangu baba aanze, chenye jalada la kijani lenye alama za vikombe. Kwa desturi, mmoja huandika kwa niaba ya wote: tarehe, nyuzi za baridi, nani yupo, nini kimeliwa, nani ameanguka na skii. Kuondoka bila kuandika ni aibu, sawa na kuondoka bila kufagia. Tuliketi jikoni kwa Tormod, mbele yetu mkate na jibini la kahawia ambalo hakuna aliyeligusa, nikaanza kufungua kurasa kama ninavyofungua za kazini, kwa ncha ya kidole, kutoka juu.

2016, mwandiko wangu. 2017, mwandiko wangu tena, na wa binti yangu chini yake. Kisha ukaanza mwandiko wa mama yangu Borghild, wima na wenye kubana, uliofundishwa shuleni katika zama za vidau vya wino.

“Pasaka 2018. Nyuzi sita chini ya sifuri, jua. Eldrid yupo. Tumekula machungwa kwenye ukuta wa kusini.”

Tormod aliinua kichwa. “Si ulisema hukwenda?”

“Sikwenda.”

Pasaka ile nilikuwa Hamar nimefunga mapazia. Jostein alikuwa ameondoka mwezi Januari, na nilipompigia mama kumwambia, alinijibu kwamba mwanamume haondoki katika nyumba yenye joto. Nilikata simu, nikakaa miaka mitatu bila kuipiga tena.

Niligeuza ukurasa. Majira ya joto 2018, Eldrid yupo, tumechuma matunda pori. Vuli, Eldrid yupo. Ilikuwa kana kwamba kulikuwa na mwanamke mwingine mwenye jina langu aliyeishi mle wakati mimi sipo, akila machungwa yangu.

Tormod alilielewa jambo kabla yangu, maana yeye hutazama waya unakoelekea.

“Dada, umeokoka. Piga picha, tuma. Mwandiko ni wa mama, mwandishi ni mmoja kwa niaba ya wote. Nani atauliza?”

“Ni uongo.”

“Uongo wa mama. Wewe unatuma karatasi tu.”

Nilifungua 2020, na mkono ukasimama. “Pasaka. Theluji laini. Eldrid yupo. Tumekaa kimya sana.”

Tukatazamana, na Tormod akaanza kucheka, kicheko cha mtu asiyetaka kucheka. Pasaka ya mwaka ule, kwa sababu ya maradhi yaliyoenea dunia nzima, serikali ilikuwa imepiga marufuku mtu kulala kibandani nje ya wilaya yake. Mama aliishi katika wilaya ileile ya kibanda. Mimi sikuishi huko. Hakuna mtu mzima katika nchi hii aliyesahau yale majuma. Karani yeyote angeinua kichwa hapo.

“Basi hiyo usiitume,” alisema akipangusa macho. “Utakwepa kodi, wakutoze faini ya kulala kwako mwenyewe. Tuma ya 2018. Au 2019. Unahitaji mmoja tu.”

Mmoja tu. Hilo ndilo lililonitisha kuliko barua yenyewe: jinsi pengo lilivyokuwa dogo. Nikarudi ukurasa nilioruka.

“Alhamisi Kuu 2019. Nyuzi mbili juu ya sifuri, theluji inaoza. Eldrid amefika saa saba mchana.” Na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi: “Ameondoka saa saba na nusu.”

“Nusu saa?” alisema Tormod. “Hata kahawa haijachemka. Mama naye, akiongopa hujibana.”

Nilifunga kitabu, nikaweka viganja vyangu juu yake.

Alhamisi Kuu ya 2019 niliendesha gari kwenda mlimani. Sikumwambia mtu, wala kabla wala baada. Nilifika pale barabara inapofungwa na kizuizi cha mbao, mita mia mbili chini ya kibanda, nikazima injini. Moshi ulikuwa ukitoka kwenye bomba. Kwenye kiti cha pembeni nilikuwa na mfuko wa machungwa, ambayo kwetu hayakosekani mlimani wakati wa Pasaka, na maneno niliyoyapanga tangu Hamar. Nilikaa. Kila nilipoushika mlango niliisikia ile sentensi ya nyumba yenye joto. Hatimaye niligeuza gari, nikarudi, na kwa miaka sita niliamini kwamba nusu saa ile haikuwa na shahidi.

Jumapili nilikwenda kwa mama. Ana miaka themanini na tisa. Kuna siku anaijua siku, na kuna siku anamngojea baba atoke msituni. Alikuwa ameketi dirishani na blanketi magotini.

“Nani kakuruhusu kuingia na viatu vichafu?”

“Ni mimi, mama. Eldrid.”

“Najua ni Eldrid. Ninauliza viatu.”

Nikavivua. Nikamwekea kitabu mapajani, naye akakipapasa jalada kama mtu anayempapasa paka aliyerudi nyumbani.

“Mama, kwa nini uliandika kwamba nilikuwepo?”

“Ulikuwepo.”

“2018 sikuwepo. 2020 hata ruhusa haikuwepo.”

Macho yake siku ile yalikuwa maangavu, na nilitamani yasiwe.

“Akina Solveig wa kibanda cha jirani walikuwa wakipita kunywa kahawa,” alisema. “Ukimpa mtu kahawa, anafungua kitabu. Kila mtu anafungua. Ningeandika nini? Borghild peke yake. Borghild peke yake. Borghild peke yake. Mtu akisoma hivyo mara tatu, anaanza kukuletea supu.”

“Ungeacha wazi.”

“Baba yako hakuacha wazi hata siku aliyovunjika mguu.”

Nilifungua 2019, nikauweka ukurasa chini ya kidole chake. Midomo yake ilisogea akisoma.

“Hapo sikuongopa,” alisema.

“Uliniona?”

“Darubini si ipo dirishani? Nilidhani ni paa wa porini. Kumbe ni koti lako la bluu. Sijui ulikuwa unalia au unapiga chafya, kioo kilikuwa na ukungu.”

“Kwa nini hukutoka, mama?”

“Kwa nini wewe hukuingia?”

Nje mtu alikuwa akikusanya majani kwa reki. Niliisikia kila mara inapokwaruza.

“Nilikuwa nimemenya chungwa,” alisema baadaye, kwa sauti ya kujitetea. “La kwako na la kwangu. Mikono inanata, huwezi kutoka hivyo.” Kisha kitu kikasogea nyuma ya macho yake, taratibu, kama taa inavyopungua umeme unapokuwa hafifu. Alinishika mkono, akatazama nje dirishani kuelekea maegesho. “Na sasa hivi uko wapi? Bado uko garini?”

“Hapana, mama. Nipo hapa.”

Hakuonekana kuniamini.

Majuma mawili yaliyobaki niliyaishi na ukurasa ule. Niliupiga picha. Picha ilikaa ndani ya simu yangu, na mara kwa mara, kwenye foleni dukani au katikati ya mkutano, niliitoa kuitazama kama mtu anayegusa jino bovu kwa ulimi. Kila neno lake lilikuwa kweli: tarehe, nyuzi, saa ya kufika, saa ya kuondoka. Mwandishi alikuwa shahidi wa macho. Katika miaka thelathini ya kazi nimeidhinisha nyaraka dhaifu mara kumi kuliko ile. Ningeituma bila neno lolote, na msomaji angejaza mwenyewe yasiyoandikwa: mlango uliofunguliwa, kitanda kilichotandikwa, mwenye nyumba aliyeitumia nyumba yake. Ule uongo usingekuwa wa mama tena. Ungekuwa wangu, uliojengwa kwa maneno yake ya kweli.

Hata hivyo niliogopa, na sitaki kujifanya kwamba kujua lililo sahihi kulinipunguzia hofu. Niliamka nikiwa nimekaza meno. Nilianza kuitembelea nyumba yangu chumba baada ya chumba, nikizima taa ambazo hazikuwaka. Chini ya hofu ya nyumba kulikuwa na nyingine ambayo nilichelewa kuitambua. Ili niseme ukweli ilinibidi nimwandikie mgeni, kwa maneno yanayosomeka, jambo ambalo mama alilificha miaka mitatu kwa wino na machungwa: kwamba alikuwa peke yake, na kwamba aliyemwacha ni mimi.

Tormod alipiga simu siku moja kabla ya muda kwisha.

“Umetuma?”

“Bado.”

“Dada, nisikilize. Mimi siwezi kukushauri vizuri, mimi nina mashua yenye tundu. Lakini hakuna atakayeumia. Serikali haitafilisika kwa ajili ya kibanda cha baba.”

“Najua.”

“Sasa tatizo ni nini?”

“Wameniuliza kama nilikuwepo, Tormod.”

Nilimsikia akiweka chini kifaa chake cha kazi.

“Haya,” alisema mwishowe. “Chumba cha chini ya ngazi kwangu kina baridi, lakini nitakuvutia umeme. Vitabu vyako vibaki garini.”

Niliandika mchana, mezani jikoni, mti wa cheri ukiwa mbele yangu bila jani hata moja. Niliandika kama ninavyoandika maelezo ya waraka wowote. Miaka ambayo mmiliki aliitumia nyumba: minne, nikaitaja. Kitabu kimeandikwa kwa sehemu kubwa na mama wa mmiliki. Maandishi ya 2018 na 2020 yanayomtaja mmiliki si sahihi. Mwandishi alikuwa peke yake. Hakuandika kwa ajili ya kodi, bali kwa sababu wageni walikuwa wakisoma. Kuhusu 2019: mmiliki alifika kwa gari hadi kizuizi cha barabara Alhamisi Kuu, akakaa humo nusu saa, hakuingia. Kisha, ingawa hakuna aliyeuliza, nikaongeza kwamba ndani kulikuwa na kahawa na chungwa lililomenywa. Nilifuta sentensi hiyo, nikairudisha, nikaifuta tena. Niliambatanisha kurasa zote, hata ule wa marufuku.

Kidole kilisimama juu ya kitufe muda wa kutosha kwa kahawa yangu kupoa. Nikabonyeza. Hakuna kilichotokea, isipokuwa neno “imepokelewa”, na mimi nikiwa nimeshikilia ukingo wa meza kwa mikono miwili.

Siku iliyofuata nilimwita dalali aje aithamini nyumba. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliusifu mti.

Jibu lilikuja Alhamisi ya mwisho ya Novemba. Nilikuwa nimeegesha mbele ya nyumba ya wazee, theluji ya kwanza ikianguka kwa unyonge juu ya kioo, injini nimeizima. Simu ilitetemeka: nilikuwa na barua mpya, uamuzi umefanyika. Kuhusu kodi nilikwisha kujua; minne haiwi mitano kwa kuitazama. Nisilojua lilikuwa lile la adhabu, kama wangeniona mtu aliyekosea au mtu aliyejaribu. Ilikuwa kama pale kizuizini. Nilijua kwamba nikiifungua pale nitabaki pale, nikisoma kila aya mara tatu, na kioo kingepata ukungu.

Niliinua macho. Katika dirisha la pili kutoka mlangoni kulikuwa na kichwa cheupe kilichoelekea maegesho. Sikuweza kujua kama ananiona. Hakuna tena darubini kule.

Nilichukua mfuko wa machungwa kwenye kiti cha pembeni. Simu niliiacha pale ulipokuwa mfuko, ikiwaka kidogo, kisha ikazimika yenyewe. Nikafungua mlango. Viatu, nilikumbuka nikiwa kwenye ngazi, nikaanza kuvikung'uta theluji.